Jogoo Mkubwa Si wa Bonane

Mhadhara kwa wafugaji wa kuku, Bukavu

Wamama, wapapa, vijana, asanteni kwa kufika na mvua hii. Walio nyuma sogeeni mbele. Nina jogoo ndani ya tenga hili, na kabla hatujatawanyika nataka kila mmoja wenu amshike mguu.

Nyote mnafuga. Sitapoteza muda kuwaeleza kwamba kuku anataka maji. Nina jambo moja, na wengine mmelisikia kwangu mara nne au tano, lakini kila Desemba nikipita soko la Kadutu naona hamjalishika. Tunauza baba wa kundi.

Chukua parsela yoyote, kiwanja cha mtu, iwe Bagira, iwe Kabare. Kuku wanafunguliwa asubuhi, wanachakura chini ya migomba, jioni wanarudi. Vijogoo wako saba. Noeli inakaribia, mnunuzi anasimama mlangoni, kidole chake kinamwonyesha nani? Mkubwa kuliko wote. Bonane, Mwaka Mpya, inaondoka na wa pili. Minervali ya mtoto, ada ya shule, inaondoka na wa tatu. Mwisho anabaki yule mfupi, mwenye kifua kama kisu, ambaye hata shemeji hakumtaka. Huyo ndiye anayepanda matetea wako wote. Halafu mwezi wa sita unanipigia simu: mama, kuku wangu wamekuwa wadogo, niwape dawa gani?

Mimi yamenikuta. Nilianza na jogoo mwenye damu ya Brahma, ile mbegu ya kuku wakubwa, manyoya mpaka vidoleni. Nilimpima kwa mizani ya kutundika, ile ya wauza maharage: kilo 4 na gramu 300. Bonane ilipofika nikamwuza, na nilifurahi, bei ilikuwa nzuri. Mwaka uliofuata mwanawe alifika kilo 3 na nusu. Nikamwuza naye. Mwaka wa nne, jogoo mzito kuliko wote kundini mwangu alikuwa na kilo 2 na robo. Nikalaumu pumba. Nikalaumu mchanganyiko wa mahindi. Dawa ya minyoo nilinunua mara mbili kwa mwezi mmoja. Siku moja mama yangu akashuka kutoka Walungu kunisalimia. Akaketi kwenye kigoda, akawatazama wale kuku kimya, mpaka chai ikapoa mkononi. Akauliza, "Baba yao yuko wapi?" Nikasema nilimwuza. Akasema, "Basi wewe unafuga waliokataliwa sokoni."

Mama yangu hakusoma kitabu cha mifugo hata kimoja, lakini wataalamu wanasema hivyohivyo. Ukubwa wa mwili ni kati ya mambo ambayo kifaranga hurithi vizuri kwa wazazi wake, kuliko hata wingi wa mayai. Na jogoo mmoja ana matetea wanane, kumi. Ukiuza tetea mzuri, umepoteza mama mmoja. Ukiuza jogoo mzuri, umepoteza nusu ya damu ya vifaranga wote wa mwaka ujao.

Kuna kosa jingine, na hili linaniumiza zaidi kwa sababu tunalifanya kwa nia njema. Kuku wa mbegu kubwa hujenga mifupa kwanza, nyama baadaye. Akiwa na miezi minne ni mrefu mrefu, shingo wazi, kidari hakuna, anatembea kama amevaa viatu vya kaka yake. Mdogo wake wa mbegu fupi tayari amenenepa. Tunasema huyu mrefu ana ugonjwa, tunamchinja aliwe na bukari, ugali wetu. Tumekula yule ambaye angefika kilo 4! Msiwahukumu vijogoo kabla ya miezi sita. Wafungeni uzi wa kitenge mguuni, rangi moja kwa watoto wa kila tetea, mkiulegeza kadiri mguu unavyonenepa, na mpime kila mwezi. Andikeni. Kichwa hakikumbuki kilo.

Najua mnachotaka kuniambia. Njaa haingoji miezi sita. Sawa, wauze sita! Sijakukataza kuuza. Nimekuomba mmoja tu, na awe yule anayekuuma kumbakiza.

Mwingine anasema atanunua Brahma safi, mambo yaishe. Brahma si uchawi. Mababu zao walitoka China kupitia bandari ya Shanghai, wakafugwa Marekani, na mwaka 1852 Mmarekani mmoja, George Burnham, akampelekea Malkia Victoria wa Uingereza kuku tisa. Jogoo wake aliyekomaa hufika kilo 5 na nusu hivi. Ukubwa huo umedumu zaidi ya miaka 150 kwa sababu kuna watu wanaochagua wazazi kila mwaka. Mlete Bukavu, muuze mwanawe mkubwa kila Bonane, naye atashuka kama wangu walivyoshuka. Tena yale manyoya ya miguuni kwenye udongo wetu wa mfinyanzi hubeba matope kama viatu. Usipoyaosha na kukagua magamba, utitiri unaingia chini yake na mguu unavimba. Mimi sasa napenda chotara wa Brahma na kuku wetu wa mlima, mwenye mguu mtupu. Anajua kumkimbia mwewe.

Na wale mnaosema, mama, tujenge mbegu ya nini, watu wanakimbia usiku mmoja na asubuhi banda ni tupu? Siwezi kuwajibu kirahisi, wapo humu waliopoteza kila kitu. Ninachofanya mimi ni kutoweka mbegu yangu mahali pamoja. Ndugu wa jogoo huyu yuko Kavumu kwa dada yangu, mwingine yuko kwa jirani ng'ambo ya bonde. Wakichukua wangu, naenda kuomba yai.

Hilo linagusa na jambo la damu, ambalo nilitaka kulieleza kwa urefu, lakini naona mwenye saa ananitazama. Jogoo asipande binti zake. Kila mwaka badilishaneni majogoo na jirani. Ukishamtoa jogoo wa zamani, ngoja wiki tatu kabla ya kuweka mayai ya kutamia, maana tetea huhifadhi mbegu ya jogoo ndani ya mwili wiki mbili na zaidi. Usipongoja, utasifia jogoo mpya kwa watoto wa yule wa zamani.

Tetea mzito huvunja mayai akitamia. Mpe kuku mdogo wa kienyeji ayatamie, lakini mayai manane au tisa, si kumi na mbili, mbawa zake hazitoshi. Ufito wa kulalia usizidi sentimita 40 kutoka chini, kuku mzito akiruka kila asubuhi anaumia wayo na kidonda hicho hakiponi haraka. Kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia mdondo: tone moja la chanjo jichoni, kurudia kila miezi mitatu, na kuku mgonjwa usimchanje. Hilo mtaalamu wa mifugo atalieleza Jumamosi, njooni.

Sasa huyu hapa. Ana miezi minane, kilo 3 na gramu 900. Papa, shika hapa juu ya kipi, huu mwiba wa mguuni, zungusha kidole gumba na cha shahada. Havikutani, sivyo? Kwa ndugu yake niliyemwuza, vilikutana. Mpitishe kwa mama huyo, taratibu, mshike mabawa. Jana mtu alinipa bei yake mara mbili ya soko, na leo usiku jogoo huyu analala kwangu.