Bando unalipia, msanii je?

Haya ndugu zangu, tuanze maana muda wenyewe mfupi. Nimeombwa niongelee hii tabia ya kushusha muvi, miziki, vitabu na programu za watu bila kulipa, na kwa kuwa najua humu ndani karibu kila mtu ana kitu kwenye simu yake, sitawaambia mnyooshe mikono.

Swali la kwanza ambalo huwa linaulizwa, je huu ni wizi? Watetezi wanasema nikichukua baiskeli yako unabaki unatembea kwa miguu, ila nikikopi wimbo wako bado unao, sasa nimekuibia nini? Hoja hiyo ina uzito jamani, tusiidharau. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Dowling, mtu aliyekuwa anauza rekodi za Elvis Presley bila ruhusa, ilisema kuvunja hakimiliki hakuingii kwenye sheria ya nchi hiyo ya mali ya wizi. Ila hatia yake ya hakimiliki ilibaki palepale. Kwa hiyo mimi sina shida mtu akiniambia siyo wizi, sawa, siyo wizi, lakini hujanijibu kama ni haki.

Sasa hebu tuangalie pesa inavyotembea. Simu umenunua. Bando umenunua, tena likiisha usiku wa manane unanunua lingine bila kunung'unika. Unafungua ile saiti ya muvi za bure, unakuta vitufe vitano vyote vimeandikwa PAKUA HAPA, vinne ni matangazo, ukibonyeza kimoja linafunguka dirisha la kamari, unafunga, unabonyeza tena linakuja lingine, na mwenye saiti anaingiza hela kwa hayo matangazo. Aliyekuuzia simu kalipwa, mtandao umelipwa, mwenye saiti ambaye hajaandika hata sentensi moja ya ile muvi naye kalipwa. Mtu pekee aliyetoka mikono mitupu ni yule aliyeitengeneza, yaani aliyekufanya ununue hilo bando! Hapo ndipo roho inaniuma mimi, na sijasikia jibu la kuniridhisha.

Wengine wanasema ah, wale ni matajiri hawatasikia. Huyo staa mkubwa labda hasikii kweli, ila aliyerekodi albamu ya kwanza kwa hela ya kukopa anasikia, na wewe unaposhusha huwa huchunguzi huyu tajiri yule maskini, unashusha tu.

Ila nisiwe wa upande mmoja, sheria yenyewe ya hakimiliki imevimba kupita kiasi. Ile ya Uingereza ya mwaka 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14 ya haki ya kukichapa peke yake, na akiwa bado hai anaongezewa mingine 14. Leo Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka kazi ilindwe maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa, na nchi nyingi zimefika 70. Kwa hiyo kitabu ambacho mwandishi kafa zamani, hakichapwi tena, hakiuzwi popote, mtu akikishusha mimi siwezi kumnyooshea kidole, nani kapunjwa hapo? Hata mataifa yamekubali kwamba kuna mahali shida ya msomaji inatangulia, ndiyo maana mwaka 2013 ukapitishwa Mkataba wa Marrakesh ili wasioona watengenezewe nakala wanazoweza kusoma bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki. Lakini muvi iliyotoka wiki jana, inauzwa, na hela unayo? Hiyo ni uroho tu, tusiipambe.

Kuna dada ameuliza pale nyuma kuhusu makala za utafiti, zile wanazohitaji wanafunzi. Hizo ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kwa kawaida jarida halimlipi mtafiti hata senti kwa makala yake, na wanaoikagua kwa kawaida hufanya bure, halafu msomaji anawekewa ukuta wa malipo. Ukilipa pale mwandishi hapati kitu. Usihangaike na saiti za ajabu dada yangu, angalia kwanza kama ameiweka bure mwenyewe, kama haipo mwandikie, barua pepe yake mara nyingi imeandikwa palepale ukurasa wa kwanza, mwombe nakala. Wengi wanatuma, tena wanafurahi kuona kuna mtu anataka kuisoma.