Uzi wa Kushonea Mfarishi kwa Cherehani: Chagua Kabla Haujakukatikia

Haya hamjambo wapenzi, karibuni. Leo twachagua uzi wa mfarishi, huu hapa mwauona ni leso juu, leso chini na pamba katikati, nishaupiga pini tayari. Watu wengi huniambia uzi wakatika, mshono waruka, chini kumejaa vitanzi, na ukiuliza ashaanza kuzungusha tensheni, yaani kile kirungu cha kukaza na kulegeza uzi, huku na huku. Tensheni iache kwanza, itakuja.

Chukua uzi wako uende nao dirishani uangalie kwa mwanga. Ukiuona una manyoya manyoya, huo utajaza vumbi kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kwenye visahani vya tensheni vinavyobana uzi wa juu, na mfarishi ni mshono mwingi, si kama kupiga pindo la dera. Halafu kata kipande ukivute kwa ghafla, kikikatika kirahisi huo weka wa kushikizia tu. Uzi ukipigwa na jua hudhoofika hata kama haujafunguliwa, kwa hivyo ukienda Biashara Street usichukue ule uliokaa mbele ya duka kwenye kioo, mwambie akutolee wa ndani. Na ule wa overloku, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, najua bei yake ni rahisi, lakini ule ni wa mshono ambao nyuzi tatu nne zasaidiana, kwenye mfarishi unabaki peke yake kuvuta mzigo. Mie siutumii.

Pamba ama polista? Kama ndo unaanza chukua polista, ni ngumu na haina vumbi jingi. Pamba yapendeza zaidi juu ya leso, haing'ai sana. Ila kuna uzi wa pamba wa kushonea mfarishi kwa mkono, ukiugusa ni mkavu kama umepakwa nta, huo kwenye mashine usiuweke kabisaa manake ile nta itabanduka igande kwenye visahani.

Sasa namba ya uzi, hapa ndo watu hupotea. Namba ikipanda uzi wapungua unene, yaani 40 ni mnene kuliko 50, na 60 ni mwembamba zaidi. Wataka mshono uonekane weka 40 na sindano ya ukubwa wa 90/14, wataka ulale usionekane sana weka 50 na sindano 80/12. Huna uhakika kama sindano yaufaa uzi wako? Toa sindano, pitisha uzi kwenye tundu, shika ncha mbili uzi ukazike, halafu uinamishe mkono mmoja. Sindano ikiteleza yenyewe mpaka chini, tundu latosha. Ikigoma, tafuta sindano kubwa, la sivyo tundu litausugua uzi mpaka uchanike. Na mfarishi mpya sindano mpya jamani, bei yake si kitu.

Kama uzi ni wa koni na cherehani yako ni ile ndogo ya nyumbani, usiulazimishe kwenye kile kijiti cha kuwekea uzi, tia koni ndani ya kikombe nyuma ya mashine uzi utoke kwa juu. Wakati wa kupitisha uzi inua mguu wa cherehani, ukiwa chini visahani vimefunga na uzi hauingii katikati yake, hapo ndipo vile vitanzi vya chini hutokea na wewe wadhani bobini ndo mbaya. Kwenye bobini tia uzi unaolingana na wa juu ama mwembamba kidogo.

Sasa kata kipande cha leso na pamba ile ile, ushone mistari kadhaa. Uzi wa bobini ukichungulia juu, tensheni ya juu imekaza, legeza kidogo. Wa juu ukining'inia chini, kaza kidogo. Ikikubali, andika kwa peni hapo hapo kwenye kipande uzi namba ngapi, sindano namba ngapi na tensheni iko wapi, ukiweke kwenye droo ya cherehani. Haya, leta mfarishi, twaanzia katikati tukienda nje.