Huyu, Hiki, Huu: Tumbili Aliyeokota Mwavuli

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi watoto mliokaa mkekani hapo mbele, karibuni Entebbe. Nitasema kwa ufupi, maana kitabu chenyewe ni kifupi: kurasa 32, na maneno yake yote yanaenea kwenye karatasi moja ya daftari.

Kisa chenyewe ni hiki. Tumbili wa Bustani ya Mimea, hapa hapa kando ya ziwa, anakuta mwavuli umesahauliwa chini ya mti. Mweusi, umefungwa, umelala kwenye nyasi. Anauzunguka. Ananusa kwa mbali. Anauliza, "Huyu ni nani?"

Rasimu ya kwanza niliandika "Hiki ni nini?" Nilipoisoma kwa sauti nikaona nimeshaharibu. Nani kamwambia tumbili kwamba kile si nyoka? Anayesema "huyu" bado anaogopa kung'atwa. Akifika kwenye "hiki", hofu imemtoka. Basi kitabu kizima nikakijenga hapo. Mwanzo ni huyu. Anamchokoza kwa kijiti, kimya; sasa ni hiki. Mwishoni mvua ya alasiri inashuka, mtoto anarudi mbio akilia "Mwavuli wangu!" na tumbili, juu ya tawi, anasema, "Kumbe mwavuli ndio huu!" Ngeli tatu, wala hakuna aliyeandika neno ngeli ubaoni.

Mtoto wa Buganda nyumbani, kwa Kiganda, anasema enkima eno. Akija darasani anasema "kima hii", nasi tunamkata alama. Jamani, si uzembe. Kwao mnyama hakai ngeli moja na watu. Lakini ono na kino, yaani huyu na hiki, anazijua tangu anatambaa. Mwulizeni "Ani ono?" kisha "Kiki kino?" mwone kama atachanganya.

Kuhusu picha nina neno moja tu. Ukurasa wa 13, upande wa kulia, kidole cha tumbili kiko juu ya kitufe. Hapo msomaji anyamaze. Afunue polepole. Ukurasa wa 14: PWAA! mwavuli umejaa kurasa mbili nzima, tumbili amebaki mkia tu pembeni. Niliposoma katika darasa moja la tatu, mvulana wa nyuma alimziba mwenzake macho kabla sijafunua.

Mchoraji wangu alitaka tumbili ajikinge mvua. Nikakataa, tukagombana kidogo. Mwaka 2009 watafiti walichapisha habari za sokwe wetu: walitoboa mashimo kwenye magogo wakayatia asali. Sokwe wa msitu wa Kibale wakachokoa kwa vijiti. Wale wa msitu wa Budongo wakatafuna majani, wakayafanya sifongo ya kunyonyea. Asali ile ile! Kila mmoja alikiendea kigeni kwa mazoea ya kwao. Tumbili naye aupindue mwavuli, autundike tawini kwa mpini wake, atupie mapera ndani. Mvua ni ya nini kwake? Ana manyoya.

Wazazi wengine wananong'ona: kwa nini Kiswahili? Tangu marekebisho ya katiba ya Uganda mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili, hilo mnalijua. Ila mnachonong'onea si katiba. Ni kambi ya jeshi. Wengi wenu Kiswahili cha kwanza kuwafikia kilikuwa cha kizuizi cha barabarani, amri tupu: simama, toa, lala chini. Ndiyo maana katika kurasa 32 sikuweka amri hata moja. Tumbili anauliza tu.

Nilipokuwa nikijaribu kusoma kibarazani kwa jirani, mzee mmoja alivuta kiti chake mbali. Kiswahili, alisema, alishakisikia cha kumtosha. Nikaendelea. Kufika ule ukurasa wa 14 kiti kilikuwa kimesogea, sijui saa ngapi. Nilipofunga kitabu akaniita.

"Mwalimu," akasema, "yule mtoto ameondoka na mwavuli wake. Sasa mapera yamekwenda wapi?"