Than peke yake haitoshi: kulinganisha kwa Kiingereza

Assalaam alaykum, wanangu. Nyinyi kazi yenu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na kutwa mnalinganisha: mtaa huu na ule, kisiwa hiki na kile. Kwa hiyo leo tushike vivumishi.

Tukisema "Unguja ni kubwa kuliko Pemba", kubwa imebaki vile vile. Kazi yote imebebwa na kuliko. Mazoea hayo ndiyo yanayomfanya kijana aseme Unguja is big than Pemba. Kaweka than mahali pa kuliko, akaona kamaliza. Kiingereza kinataka kivumishi chenyewe kigeuke: bigger than.

Akisharekebishwa, woga humtia kosa la pili: more bigger. Hapo amelipa nauli mara mbili kwa safari moja. Neno la silabi moja, kama tall au old, huongezwa er, na est likishapita yote. Neno refu, kama beautiful au expensive, haliguswi. Hutanguliwa na more au most. Ya silabi mbili yamegawanyika: busy huwa busier, lakini famous huwa more famous. Good na better, bad na worse, hayo ni ya kukariri tu.

Na mkilinganisha viwili, bakini kwenye er: Unguja is the bigger of the two. Mkiingiza na Tumbatu, vikawa vitatu, ndipo iwe the biggest. Ile the msiiache.

Sasa mpangilio, ambao mimi naupenda zaidi. Mko mbele ya mlango wa nakshi, wenye misumari ya shaba. Sisi tunataja mlango kwanza, sifa zikafuata. Wao hutanguliza sifa, tena kwa zamu: a beautiful big old wooden door. Maoni yako mwanzo, kisha ukubwa, kisha umri, na mbao ikae ubavuni mwa jina. Ukisema wooden old door mgeni atakufahamu, ila sikio lake litakwaruzika. Ngeli hawana, alhamdulillahi: mlango mkubwa, milango mikubwa, kwao ni big tu.

Haya, wewe uliyekaa dirishani: mnazi na mkarafuu, upi mrefu? Nataka sentensi nzima.