Panga la Feni Hufuata Njia ya Hewa
(Mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi mitambo)

Asante, Mwalimu, na asanteni nyote kwa kubaki baada ya chakula cha mchana, saa ambayo usingizi humshinda nguvu mzungumzaji yeyote.

Nimekuja na mpira huu mwangavu. Nimeukunja umbo la U na ndani nimetia maji yenye rangi. Kijana wa mbele, hebu njoo upulize upande huu. Puliza haswa! Mnaona? Maji yamepanda upande wa pili, tofauti imepita sentimita 40. Sasa tuuelekeze mdomo wa mpira kwenye pangaboi lililo juu yetu. Maji yametulia tuli, huwezi kuona yakisogea. Kwa hiyo mapafu ya huyu bwana yana presha kuliko pangaboi, tena kwa mbali. Ila mkimwomba awapepee ukumbi mzima, atazirai kabla ya safu ya pili kupata upepo.

Presha ni jambo moja, wingi wa hewa ni jambo jingine. Mteja akija akaniambia anataka "feni kubwa", bado hajaniambia kitu. Nataka kujua hewa kiasi gani kwa sekunde, na njiani itakutana na kizuizi gani. Ukishakuwa na hayo mawili, umbo la panga linaanza kujichora lenyewe. Ukiyakosa, utakunja bati mpaka jioni.

Mfano wangu ni kiwanda cha chai, kwa kuwa wengi wenu mnatoka Kericho, Bomet na Nandi, na kwa kuwa humo feni za aina zote mbili, ya hewa nyingi na ya presha kubwa, ziko chini ya paa moja.

Majani mabichi yakifika hutandazwa kwenye vihori virefu vyenye wavu ili yanyauke. Feni imefungwa mwisho mmoja wa kihori, inaingiza hewa chini ya wavu, nayo hewa inapanda katikati ya majani. Hapa hewa inatakiwa nyingi, presha kidogo. Tuseme mita za ujazo 10 kwa sekunde, na presha ya milimita 20 za maji, yaani karibu paskali 200. Zidisha: wati 2,000. Hiyo ndiyo kazi inayoifikia hewa yenyewe. Feni yenye ufanisi wa asilimia 50 itakula kilowati 4 kwenye shafti, ule mhimili unaoizungusha, na nusu yake inaishia kwenye kelele na joto.

Kazi ya namna hii ni ya feni ya mapanga yanayosukuma hewa mbele moja kwa moja. Tuichukue yenye kipenyo cha mita 1.2, kitovu cha mita 0.4, mizunguko 960 kwa dakika. Eneo la kupita hewa ni karibu mita 1 ya mraba, kwa hiyo hewa inapita kwa mita 10 kwa sekunde. Ncha ya panga inakimbia mita 60 kwa sekunde. Shina lake, pale kwenye kitovu, linakwenda mita 20 tu.

Andikeni hapo, maana ndipo mafundi wengi wanapopotea. Panga halikutani na hewa inayokuja kwa kasi ya 10 peke yake. Linakutana na kasi hiyo ikiwa imechanganyika na mbio zake lenyewe. Kwenye ncha, 60 kwa 10, hewa inalijia kwa pembe ya digrii 9 na nusu hivi, ukipima kutoka kwenye bapa la duara ambamo panga linazunguka. Kwenye shina, 20 kwa 10, inakuja kwa digrii 26 na nusu. Ongeza digrii 4 au 5 juu ya kila pembe ili panga liibane hewa, kisha utaona kwamba panga lazima lisokotwe: shina limesimama, ncha imelala.

Sasa kata bati bapa, lichomelee lote kwa digrii 18. Ncha itasukuma vizuri. Shina litakuwa digrii 8 chini ya hewa inayokuja, kwa hiyo halisukumi, linazuia. Shika kipande cha karatasi ya shashi mbele ya feni kama hiyo, upande unaotoa upepo. Ukingoni karatasi inapeperuka kwenda mbele, lakini karibu na kitovu inaweza kuvutwa kurudi kwenye mapanga. Hewa imesukumwa na ncha, imepigana na kizuizi cha majani, ikarudi kupitia katikati. Mota inaunguruma, mita ya umeme inakimbia, majani yako vile vile.

Usokote, halafu ulipinde kidogo kwa upana wake, upande unaosukuma ukiwa umebonyea. Bati lililopindwa kwa roli, bila urembo mwingine, linashinda bati bapa kwa mbali.

Kuna siku mvua imenyesha, majani yameloa na yamerundikwa kupita kiasi. Hewa inapungua kasi, tuseme kutoka 10 hadi 5, lakini panga linazunguka vile vile. Kwenye ncha hewa sasa inakuja kwa digrii karibu 5 badala ya 9 na nusu. Pembe ya kuibana hewa imekua bila mtu kugusa panga! Shinani imekua zaidi. Ikifika digrii 15 hivi, hewa inabanduka kwenye mgongo wa panga na msukumo unaporomoka. Mtaisikia: sauti inakuwa nzito, yenye kutetema. Msikimbilie beringi. Punguzeni majani kwanza.

Na pengo kati ya ncha na pete ya feni liwe dogo, asilimia 1 ya kipenyo au chini yake. Nimeona mapengo ambayo mkono unapita. Presha yote inayotengenezwa inavujia hapo.

Twende kwenye kikausho. Hapo hewa ya moto inapenya bamba lenye matundu na tabaka la chai, na presha inayotakiwa ni mara kadhaa ya ile ya vihori. Hapa tunatumia bloa: hewa inaingia katikati ya gurudumu, inatupwa nje kwa mzunguko. Mapanga yake yanaweza kuinama mbele, kufuata mzunguko, au kuinama nyuma, au kusimama wima.

Yale ya kuinama mbele yana uhusiano wa damu na chai. Samuel Davidson, mtu wa Belfast, alikwenda India kulima chai mwaka 1864, akaishia kuunda mashine za kuikausha, na mwaka 1898 akaleta gurudumu lenye mapanga mengi mafupi yaliyoinama mbele. Ni dogo, linatoa hewa nyingi kwa mizunguko michache. Tatizo lake ni kwamba kizuizi kikiondoka, kwa mfano mlango wa kikausho ukifunguliwa, hewa inaongezeka na mzigo wa mota unapanda pamoja nayo mpaka inaungua. Ya kuinama nyuma hayana tabia hiyo na ufanisi wake ni bora. Mimi huyachagua karibu kila mara. Yaliyosimama wima nayaacha kwa vumbi na manyoya ya chai, kwa sababu hayashiki uchafu.

Jambo jingine: mwinuko. Kericho iko mita 2,000 na ushee juu ya bahari, na mita moja ya ujazo ya hewa huko ni karibu kilo 0.95. Katalogi nyingi zinahesabu kilo 1.2. Feni itahamisha mita zile zile za ujazo, lakini presha itapungua kwa moja ya tano, na kilo za hewa ya kukausha pia. Bloa inayovuta hewa ya moto ina shida ya kinyume: asubuhi tanuri la kupashia hewa likiwa baridi hewa ni nzito, na mota inavuta umeme zaidi kuliko mchana.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza: kwa nini tusiongeze mizunguko tu? Ongeza kwa asilimia 20. Hewa itaongezeka kwa 20, presha kwa 44, umeme kwa 73. Muulize meneja kama atasaini hiyo bili.

Na wewe, dada? Anasema bloa yao imefungwa umeme upya, inapuliza upande ule ule lakini kwa unyonge. Hilo nalijua vizuri. Fundi amebadilisha waya mbili za awamu, gurudumu linazunguka kinyume. Feni ya kihori ingetoa upepo nyuma na mngejua mara moja, lakini bloa hata ikizunguka kinyume inatoa hewa mlango ule ule, kidogo tu. Zima umeme, tazama mshale kwenye kasha, ulinganishe na gurudumu linavyomalizia kuzunguka, kisha rudisha zile waya mbili.