Upele Katikati ya Dozi: Si Kila Mtoto Ana Aleji

Wazazi wenzangu, karibuni. Mtoto ana homa, kapewa amoksisilini, dawa ya jamii ya penisilini. Siku ya sita mama anamvua nguo amwogeshe, anakuta kifua na mgongo vimejaa vipele. Kufikia jioni nyumba nzima imeshasema ana aleji ya penisilini, na anakua na jina hilo hadi utu uzima.

Mara nyingi jina hilo si lake. Watoto walioandikiwa aleji ya penisilini wakipimwa vizuri hospitalini, zaidi ya 9 kati ya 10 huonekana hawana. Upele huwa umeletwa na virusi vilevile vilivyoleta homa. Na hasara ya kunyimwa dawa hizi kwa sababu ya jina hilo ni kubwa: amoksisilini ndiyo dawa ya kwanza ya nimonia kwa watoto, na mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi.

Kwa hiyo ninachouliza kwanza ni saa. Vipele vya kuvimba na kuwasha vikitoka ndani ya saa moja baada ya dawa, midomo ikavimba, mtoto akakoroma kifuani au akatapika mfululizo, hapo hakuna kusubiri. Kimbia naye hospitali achomwe adrenalini pajani.

Upele ukichelewa kutoka, mtazame mwanao wewe mwenyewe, mama. Vitabu vingi vinasema "wekundu", lakini kwenye ngozi zetu upele huweza kuonekana wa zambarau, au weusi kuliko ngozi, au usionekane kabisa mpaka upitishe kiganja. Msogeze kwenye mwanga. Mfungue mdomo, tazama macho, tazama sehemu za siri. Ukikuta vidonda, malengelenge, macho mekundu, au ngozi inauma na kubanduka, simamisha dawa na uende hospitali saa hiyohiyo. Kotrimoksazoli, ile tunayoiita Septrin, ni mojawapo ya dawa zinazoweza kuleta hali hiyo. Hutokea kwa nadra sana, kwa hiyo akina mama ambao watoto wao wanapewa kila siku kuwakinga na maambukizi, msiiache kwa woga.

Upele wa kawaida nao mwonyeshe mhudumu, umwulize kama dozi iendelee. Nenda na boksi la dawa, piga picha ya upele kabla haujafifia, na hakikisha kwenye kadi ya kliniki pameandikwa jina la dawa, siku ya ngapi ya dozi, na saa ngapi baada ya kumeza.