Ndiyo, bado niko bendi 5: kwa wote mnaouliza kama nesi akija Uingereza anashushwa cheo

Mwadila wana Mwanza, mwadila Kanda ya Ziwa yote, na nyie wa Dar mnaochungulia hii chaneli kimyakimya nawaona pia. Leo sina mapishi wala sizungushi kamera mtaani, nimetoka nait, nimekaa tu kitandani, macho msiyaangalie. Nataka nijibu hili swali maana limezidi. Yaani hata ile video ya kununua koti mtu kaandika, "Sista, miaka yote hiyo mbona bado nesi wa wodini, si huku ulikuwa inchaji?" Wengine wanauliza vizuri, wengine wanauliza kwa ile namna, mnaijua. Na najua nikijibu watakuja wa "anajisifia huyo" na watakuja wa "kama pagumu si urudi, kwani umefungwa kamba?" Karibuni wote.

Haya. Ndiyo, nilikuwa inchaji, yaani nesi kiongozi, wa wodi ya watoto, hospitali siitaji, na hapa niko bendi 5, ambayo ndiyo ngazi ya kuanzia ya nesi aliyesajiliwa. Mtoto wa hapa aliyemaliza chuo juzi naye bendi 5. Tena kuna waajiri wanakubali kuhesabu uzoefu wako wa nje kwenye mshahara lakini mpaka uombe wewe na upeleke barua, na hilo mimi sikuambiwa na ofisi yoyote, nimekuja kulisikia kwa dada mmoja Mfilipino tukila chakula saa nane usiku. Nilikasirika siku hiyo mpaka wali ulinishinda.

Lakini kilichoniuma zaidi sio hela, ni kanula, ule mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa kupitishia dripu. Mimi nimetafuta mishipa ya watoto waliokaushwa na kuharisha, umeme umekatika, mwenzangu ananimulikia na tochi ya simu, mama anasali pembeni, na dripu inaingia. Nimefika hapa naambiwa siruhusiwi kuweka kanula wala kuchoma dawa ya mshipa mpaka nipite kozi yao na mtu anisimamie na kunisainia. Binti mdogo kabisa ananishika mkono ananionyesha turniketi, ule mkanda wa kubana mkono, inafungwa wapi, kwa upole kabisa, na mimi naitikia "ok, ok" kama sijawahi kuiona. Sasa hivi naelewa kwa nini wanafanya hivyo, mgonjwa akiumia wataulizwa nani alikuhakiki, ila jamani kuelewa ni kitu kimoja na moyo ni kitu kingine.

Hela sasa, maana najua ndicho mnachosubiri. Mshahara wa kuanzia bendi 5 mwaka 2025/26 ulikuwa paundi 31,049 kwa mwaka. Nimeshawaona mnazidisha, paundi moja ni zaidi ya elfu tatu, mnapata milioni nane na kitu kwa mwezi mnaanza kunitumia picha za viwanja vya Buhongwa. Hiyo ni kabla ya makato! Kuna kodi ya mapato, kuna bima ya taifa, kuna pensheni, halafu kinachobaki kinakutana na kodi ya nyumba, kodi ya manispaa, umeme na gesi ya kupasha nyumba, nauli. Silalamiki, nakula na nalala na mama anapata dawa zake za presha. Nasema tu hiyo hesabu yenu haina makato.

Na kuja kwenyewe kuna gharama mnaziruka. Mimi nilipokuja, baraza lao la manesi, NMC, lilichukua paundi 140 kuangalia maombi, 83 mtihani wa kompyuta, 794 ule mtihani wa vitendo tunaouita oski, 153 kuingizwa kwenye rejista. Oski peke yake ni zaidi ya milioni mbili za kwetu na ina vituo 10, unamhudumia mgonjwa wa kuigiza huku mtu anakuwekea tiki kwenye karatasi. Waajiri wengi wanalipia baadhi ya hivi vitu, ni kweli, lakini kwenye mkataba kuna kipengele, ukiondoka kabla ya muda waliokuwekea unawarudishia. Kwa hiyo wanaoniambia "si uhame hospitali kama hawakupandishi", ndiyo hivyo, nilikuwa na deni. Mtihani wa kompyuta nilienda kuufanyia Nairobi kwa basi, Musoma, Sirari, unavuka, mgongo umekufa, kwa hela ya kikoba ambacho riba yake nimekuja kuimalizia nikiwa huku.

Makaratasi ndiyo hata sitaki kukumbuka. Sisi Wasukuma tuna majina yanaanza na Ng'w, mwalimu wa shule ya msingi akaniandika kwa Mw akaona amesaidia, cheti cha fomu foo kikafuata mwalimu, pasipoti ikafuata NIDA, NIDA ilifuata baba. Halafu kuna mifumo ya huku haitaki ile koma ya juu kabisa, ukiiweka inakwambia jina lako sio sahihi. Jina la babu yangu! Nikaenda kwa wakili kuapa kwamba mimi ni mimi. Chuo nacho kutuma uthibitisho, leo anayesaini yuko safari, kesho muhuri umefungiwa kabatini. Kwa hiyo wewe unayesema "nitumie link tu nijaze", kaangalie majina yako kwanza.

Na hili naomba mnisikilize vizuri. Tanzania imo kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Uingereza inaifuata, kwa hiyo waajiri na mawakala wa huku hawaruhusiwi kuja kutafuta manesi kwetu. Wewe mwenyewe ukiona tangazo la hospitali ukaomba moja kwa moja, hujakatazwa, mimi ndivyo nilivyofanya. Msilinganishe na Kenya, wao serikali yao ilisaini makubaliano na Uingereza 2021. Sasa huyo kaka mwenye ofisi pale mjini anayetaka milioni zako akupeleke "kama nesi", muulize anakupeleka kwa utaratibu upi. Na ile njia ya viza ya kulea wazee, kuajiri kutoka nje wameshaifunga tangu Julai 2025.

Turudi kwenye cheo. Huko nyumbani unasubiri kupandishwa daraja, mnajaza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji kazi, kwa simu saa sita usiku, mnasubiri. Mimi niliomba kibali cha kwenda kusoma digrii nikaambiwa wodi haina watu, subiri, halafu akapewa aliyenikuta kazini. Sitaki kuingia huko, nitasema majina bure. Hapa hakuna kusubiri, miaka inakuongezea mshahara kidogo ndani ya bendi ileile, ila bendi 6 ni nafasi inatangazwa, unaomba kama mtu wa nje, mnafanya intavyu na wenzako mnaoshea nao vikombe. Nikaomba. Wakaniuliza nieleze wakati niliongoza kwenye hali ngumu, nikawaelezea usiku mmoja wa Mwanza, watoto wameletwa wengi kwa mpigo, jinsi timu ilivyogawana kazi, jinsi daktari alivyotusaidia, jinsi mama wa usafi alivyokuwa anatuletea maji. Sikupata. Nikaomba wanieleze kwa nini, wakasema nimesifia kila mtu, hawakusikia mimi nilifanya nini.

Yaani nyie mnaniita mwenye majigambo, na mimi nimekosa kazi kwa kukosa majigambo! Nilicheka kwenye basi peke yangu watu wakanihama, wakabadilisha siti.

Kuna kitu kimoja cha huku nitawasifia hata mkinuna. Kila miaka 3 ili ubaki kwenye rejista unatakiwa uonyeshe saa 450 za kazi, saa 35 za kujifunza, na uandike tafakari 5 kuhusu kazi yako. Niliziona upuuzi, nesi gani ana muda wa kuandika insha. Halafu mgonjwa wangu mmoja niliyemzoea akafariki, na kuna nesi mwenzetu amesomea kusikiliza manesi, wanaitwa PNA, huo utaratibu ulianza 2021, akanipeleka kwenye kichumba, chai, boksi la tishu, ananiuliza najisikiaje. Mimi namjibu niko poa, kitanda kimeshatandikwa? Ndivyo tulivyozoea, unafunika, unawapa ndugu pole, unaandika ripoti, kitanda cha pili kuna anayesubiri damu. Yule dada akakaa kimya tu. Nikaanza kumwelezea mtoto wa Ukerewe aliyeletwa na meli ya Nansio amechelewa, wa miaka ya nyuma kabisa, nikalia mpaka pua zikaziba, kwa mtoto ambaye siku ile nilimfunika nikaenda kunywa chai na mihogo. Ndiyo ikawa tafakari yangu ya kwanza. Ila msije mkadhani ukija huku unapewa tishu kila siku, wodi zingine hata chai hunywi.

Wewe wa Sengerema uliyeuliza uache kazi ya serikali au la, mimi siwezi kukwambia acha, mimi sikuwa na mtoto wala mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Mitihani ya mwanzo unaifanya ukiwa kazini hukohuko, kwa hiyo barua ya kuacha iwe ya mwisho kuandika. Bendi 6 imetangazwa tena, wodi ya jirani, nimeomba, na safari hii nimeandika mimi, mimi, mimi mpaka naona aibu. Basi nalala, jioni naingia tena.